Shauri la Uma wa Baisikeli

Katika gazeti letu hili walimu wenzangu wamezoea kuandika habari za malezi, za kilimo cha matuta na za usafi wa visima. Leo naomba nafasi niandike habari ya chuma. Wengi wetu twaenda kazini na ibadani kwa baisikeli, na siku hizi baisikeli nyingi ziuzwazo huku milimani ni zile za gia, zenye tairi pana na uma wa mbele wenye springi ndani, ambao mafundi huuita shokapu. Mwenye baisikeli ya namna hii, baada ya miaka michache, hupatwa na swali moja: springi zikiisha kuchakaa, je, anunue uma mwingine wa springi ulio bora kuliko ule wa kwanza, au atie uma mgumu wa chuma kitupu kama wa baisikeli za babu zetu? Mimi nimelijibu swali hilo mwaka huu. Nitalieleza jibu langu pamoja na sababu zake, ili kila mtu azipime kwa njia apitayo yeye na kwa mfuko wake mwenyewe.

Nafundisha katika shule moja ya milima ya Usambara, wilaya ya Lushoto. Kutoka nyumbani hata shuleni ni kilometa 9; asubuhi nakwea, jioni nashuka. Msomaji asiyeijua nchi yetu na afikiri udongo mwekundu uletao utelezi kama wa sabuni wakati wa masika, na wakati wa kiangazi hukauka, ukabaki na mifereji migumu iliyochimbwa na maji. Tena kuna mizizi ya mikaratusi iliyokatiza njia, na mawe yaliyotokeza vichwa. Uma wa baisikeli yangu ulikuwa na miaka 6. Katika kushuka ulikuwa ukigonga mpaka mwisho, chuma kwa chuma, na kila nilipobana breki ya mbele naliona gurudumu likirudi nyuma kidogo, kana kwamba miguu ya uma imelegea ndani ya mifuko yake. Jambo la pili lilinitia hofu zaidi. Kidole cha pete na kidole kidogo cha mkono wangu wa kulia vilianza kufa ganzi. Mwanzo ilikuwa jioni tu, nifikapo nyumbani. Baadaye ikawa na asubuhi pia, hata siku moja chaki iliniponyoka mara tatu katika kuandika mstari mmoja ubaoni, na watoto wakacheka. Mwalimu asiyeweza kushika chaki atafanya kazi gani?

Duka moja mjini lilikuwa na uma mzuri uliotumika kidogo, wa springi ya hewa, na bei yake shilingi 380,000. Fedha za kuununua zilikuwapo nyumbani. Zilikuwa ndani ya bahasha ya binti yetu, aliyekuwa amepangiwa kidato cha tano katika shule ya bweni, nazo zilikuwa zimekwisha kuhesabiwa: godoro, sanduku la chuma, sare, viatu, na nauli. Basi shauri lile halikuwa la baisikeli peke yake.

Kwanza yafaa tufahamu kazi ya uma huo, maana wengi huusifu au huulaumu pasipo kujua kilichomo ndani. Katika miguu yake mna vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Cha kwanza ni springi, ya chuma au ya hewa iliyofungiwa, nayo hupokea pigo la jiwe. Cha pili ni mafuta yasukumwayo kupita katika vitundu vyembamba, nayo huizuia springi isirudi kwa kishindo. Springi pasipo mafuta ni kama mpira wa watoto, ukiupiga chini wakurudia usoni. Uma wa bei nafuu aghalabu una springi ya chuma tu, hauna mafuta ya kazi hiyo. Kwa hiyo ukikuta jiwe la kwanza wazama, na ufikapo jiwe la pili ungali warukaruka kwa ajili ya la kwanza. Tena springi yake imekatwa kwa uzito wa mtu ambaye kiwanda hakijamwona. Uma wa hewa waweza kuupima kwa uzito wako mwenyewe: watia hewa kwa pampu yake ndogo ya pekee, mpaka ukiketi juu ya baisikeli uma uzame kama robo ya mwendo wake. Hapo gurudumu lina nafasi ya kupanda juu ya jiwe na pia ya kushuka ndani ya shimo, wala haliachi ardhi. Na gurudumu lisiloacha ardhi ndilo linalotii usukani na breki. Kwa sababu hiyo wale wasemao kwamba shokapu ni anasa ya mikono tu hawasemi kweli yote.

Maneno hayo naliyapata kwa kijana mmoja ambaye mimi nalimfundisha kusoma, naye sasa ndiye anifundishaye. Kazi yake ni kuwaongoza watalii kwa baisikeli katika njia za msituni. Nalimwendea Jumamosi moja, akaniamkia, “Shikamoo, Mwalimu,” akaitazama baisikeli yangu, akaubana uma kwa mikono miwili, akacheka kwa adabu. Kisha akanipa baisikeli yake nishuke nayo mteremko mmoja niujuao sana, akanifuata nyuma na yangu. Wasomaji, nisiwafiche, ilikuwa kama kushuka njia nyingine kabisa. Pale penye mizizi ambapo mimi hukaza meno, nalisikia mdundo mdogo tu chini ya viganja. Na penye kona ya changarawe, ambapo gurudumu langu huchepuka, gurudumu lake lilikata njia kama jembe lililonolewa. Nalifika chini nikitaka kupanda tena nishuke mara ya pili. Akaniuliza, “Sasa, Mwalimu, huoni kwamba mikono yako ni mali ya shule nzima?” Sikuwa na jibu, na njia yote ya kurudi nyumbani naliiwaza ile bahasha.

Lakini mtu akiisha kufurahishwa na kitu imempasa atulie siku kadhaa, na katika siku hizo mimi nalisoma habari za chanzo chake. Baisikeli za milimani zilianza Marekani, katika jimbo la California, karibu na mlima uitwao Tamalpais. Katika miaka ya 1970 vijana wa huko walichukua baisikeli nzito za zamani, zenye tairi nene na breki ya kurudisha pedali nyuma, wakashindana kuteremka nazo mlimani. Mashindano yaliyopangwa rasmi yalianza mwaka 1976, na njia yenyewe waliiita Repack, maana breki zilipata moto hata grisi ikateketea moshi, na baada ya kila mteremko ilibidi kufungua kitovu cha gurudumu na kutia grisi upya. Watu hao walishuka mlima ule miaka mingi bila springi yo yote mbele. Uma wa springi ulikuja baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1980, Paul Turner alipoanzisha kampuni ya RockShox. Na mwaka 1990, katika mashindano ya ubingwa wa dunia huko Durango, Colorado, Greg Herbold alishinda mbio za kuteremka akitumia uma wao. Mwendo wa uma ule haukufika hata inchi 2.

Na kabla ya hao wote kulikuwa na springi nyingine, ambayo sisi sote tunayo wala hatuihesabu. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama katika mji wa Belfast, alipata hati ya tairi ya kutiwa hewa, baada ya kumtengenezea mwanawe tairi hizo kwa ajili ya baisikeli yake ya magurudumu matatu, iliyokuwa ikimtikisa juu ya mawe ya barabara. (Robert William Thomson alikuwa amelipata wazo hilo mbele yake, mwaka 1845, lakini likasahauliwa.) Hewa ndani ya tairi ni springi isiyohitaji fundi. Mimi nalikuwa nikizijaza tairi zangu mpaka ziwe ngumu kama gogo, kama wafanyavyo wengi wetu tubebao mizigo, na tairi zenyewe zilikuwa nyembamba, inchi 1.95. Naliiandika habari hiyo katika daftari langu, nikaendelea kuchunguza.

Nikarudi dukani nikiwa na rula. Jambo hili nawasihi sana msilipite upesi, maana uma wa baisikeli si kama sufuria, kwamba kila mfuniko utafaa. Gurudumu langu ni la inchi 26, na uma mwingi mzuri wa siku hizi umetengenezwa kwa magurudumu makubwa zaidi. Shina la uma, yaani bomba lipitalo ndani ya shingo ya fremu, langu ni la unene mmoja juu hata chini; lakini uma mwingi mpya una shina lililopanuka chini, nalo haliingii katika shingo ya zamani hata ufanyeje. Uma ule wa dukani kwa bahati ulikuwa sawa kwa mambo hayo mawili. Lakini haukuwa na mahali pa kufungia breki za kubana rimu kama zangu. Ulitaka breki ya diski, na diski yataka kitovu kingine cha gurudumu. Tukapiga hesabu na mwenye duka, shilingi 380,000 zikawa 470,000. Tena mwendo wake ulikuwa milimita 100 na wangu ulikuwa 80, maana yake pua ya baisikeli ingeinuka sentimeta 2. Hilo lingevumilika. Penye sentimeta 5 au 6 ningelikataa palepale, kwa kuwa uma mrefu huisukuma shingo ya fremu kwa nguvu ambayo waundaji wake hawakuitazamia, na fremu hupasuka chini ya shingo.

Usiku ule nalimweleza mke wangu yote, na habari ya ule mteremko pia, sikumficha. Yeye ndiye atunzaye ng'ombe wetu wa maziwa, na maziwa ndiyo yaliyojaza nusu ya bahasha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza neno moja tu: “Mwalimu, huo uma utakula nini?” Nikamwambia uma hauli. Akasema, “Ng'ombe wa kienyeji hula majani. Huyu wa kisasa anataka pumba, dawa na mganga wake. Sasa huo wa kisasa unataka nini?”

Nikatafuta maagizo ya watengenezaji. RockShox wenyewe wataka miguu ya chini ya uma ifunguliwe, isafishwe na kutiwa mafuta mapya kila baada ya saa 50 za kupanda. Kwa mtu apandaye baisikeli Jumapili kwa kujifurahisha, saa 50 ni karibu mwaka. Kwangu mimi, kukwea ni dakika 50 na kushuka ni dakika 25. Jumla saa 1 na robo kwa siku, saa 6 na robo kwa juma. Majuma 8 kamili ni saa 50. Yaani kila baada ya miezi miwili, muda wote nifundishapo, ingenipasa kuagiza mafuta ya pekee, na mara kwa mara mipira ya kuzuia vumbi, kutoka Arusha au Dar es Salaam, na kumtafuta mtu ajuaye kuufungua uma ule pasipo kuuharibu. Nisipofanya hivyo, vumbi letu jekundu huingia penye mipira na kukwaruza mabomba, na bomba likiisha kukwaruzwa hewa na mafuta havikai tena. Yule mjenzi wa mnara katika Injili ya Luka yalimpasa kuhesabu gharama kabla ya kuanza. Lakini mnara ukiisha kumalizika husimama wenyewe. Uma wa springi wadai gharama yake kila mwezi. Kijana yule wa watalii anazo sababu za kuulipia: wageni wake ndio wanaomlipa, vipuri huletwa na kampuni yake, naye hushuka kwa kasi ambayo mimi siitaki wala siihitaji. Kwake uma ule ni chombo cha kazi kama jembe. Sikumshauri auache.

Yakabaki mambo ya vidole. Nalikwenda zahanati, na tabibu akanionyesha katika kiganja, upande wa kidole kidogo karibu na kifundo, mahali upitapo mshipa wa fahamu uendao katika vidole vile viwili. Mpanda baisikeli akikandamiza hapo siku baada ya siku, mshipa huumia. Mtikiso huongeza maumivu, alisema, lakini akaniuliza jambo ambalo hakuna aliyeniuliza: “Ukiwa juu ya baisikeli, uzito wako uko wapi?” Nikapanda mbele yake uani, akaona. Usukani wangu ulikuwa chini na mbali, hata nusu ya mwili ilikuwa imeegemea viganja. Hata uma wa shilingi milioni moja haungaliuondoa uzito ule mikononi mwangu.

Hapo shauri likaisha. Nikaazimia kutia uma mgumu, tairi pana, na usukani ulioinuliwa.

Nalikwenda kwa fundi wetu, mzee aliyekuwa akitengeneza baisikeli tangu nilipokuwa mtoto wa shule. Hakushangaa. Akasema kwamba chuma kilichonyoka anaweza kukinyosha tena kikipinda, lakini springi ya hewa ikifa hana la kufanya ila kuizika. Nami nikamwambia habari ya baisikeli iitwayo Buffalo, ambayo shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005, hugawa katika nchi kadhaa za Afrika. Keria yake imekusudiwa kubeba kilo 100, na uma wake ni chuma kitupu, ijapokuwa waliouunda walijua vema springi ni nini.

Tulichambua rundo la baisikeli za mtumba zitokazo ng'ambo, tukapata uma wa chuma wa gurudumu la inchi 26, wenye shina la unene wa shingo yangu, na wenye vishikizo vya breki za rimu. Bei ilikuwa shilingi 30,000. Kabla sijalipa, yule mzee akafanya jambo ambalo nataka kila mnunuzi wa chuma kikuukuu alijue. Aliupaka uma mafuta ya taa pale miguu iungamanapo na shina, akangoja kidogo, akapangusa mpaka ukakauka. Kisha akaniomba chaki. Akaisaga, akaupaka unga wake mweupe mahali palepale. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hutoka polepole na kuchora mstari mweusi juu ya unga. Uma wa kwanza ulionyesha mstari mwembamba kama unywele. Akautupa kando bila kusema neno. Wa pili ulibaki mweupe. Ndio huo niliolipia. Kisha akavuta uzi toka katikati ya shina hata katikati ya mahali pa ekseli, kuona kama miguu yote miwili iko sawa.

Urefu nao tuliupima. Uma wa springi ulikuwa sentimeta 45 toka ekseli hata chini ya shingo, na mgumu ulikuwa 41. Lakini ule wa kwanza, nikiwa nimeketi, ulizama sentimeta 2, kwa hiyo tofauti ya kweli ilikuwa sentimeta 2 tu. Pua ya baisikeli ilishuka kidogo na usukani ukawa mwepesi zaidi kugeuka. Ilinichukua siku tatu kuuzoea. Fundi aliliacha shina refu bila kulikata, akatia pete chini ya shingo ya usukani, na usukani wenyewe tukabadilisha, tukapata uliokunjwa kuja juu na nyuma. Tairi nalipata za inchi 2.3, kidogo zisingepita katika fremu. Ya mbele naitia hewa paundi 30. Ya nyuma naijaza zaidi kwa ajili ya mizigo, maana tairi laini yenye mzigo mzito hubanwa kati ya jiwe na rimu, na tyubu hutoboka. Katika mizani ya dukani uma wa zamani ulikuwa kilo 2.6 na huu kilo 1.2, na tofauti hiyo naiona kila asubuhi katika kukwea.

Gharama yote, pamoja na kazi ya fundi, ilikuwa shilingi 105,000, zilizotoka katika maziwa ya miezi miwili. Bahasha haikuguswa. Binti yetu aliondoka na sanduku lake, na godoro limefungwa juu ya basi.

Je, ni sawa na baisikeli ya yule kijana? Hasha. Katika ule mteremko wa mizizi nashuka polepole, na penye mawe ya darajani nasimama juu ya pedali, nikalegeza viwiko, nikaiacha baisikeli icheze chini yangu. Jioni nachelewa kufika nyumbani dakika 4 au 5. Mvua ikinyesha sana nashuka chini na kuisukuma. Vidole havikupona kwa juma moja wala mawili. Lakini kufikia mwezi wa tatu ganzi ya asubuhi ilikuwa imekwisha, na ya jioni huja siku za Ijumaa tu, nikiwa nimebeba madaftari mengi ya kusahihisha.

Springi mbili za uma wa zamani hatukuzitupa. Fundi alizitoa, akazisafisha, akazifunga chini ya kiti cha ubao juu ya keria, na juu yake akashona mto wa gunia. Hapo ndipo akaapo mke wangu twendapo ibadani, naye asema kwamba, kwa kuwa maziwa ni yake, shokapu nazo ni haki yake.